Namna ya Kumbeba Bosi

Watu wa filamu hawajawahi kubeba mtu. Marie-Goretti alilijua hilo ndani ya dakika tatu, akiwa amesimama kwenye mlango wa gereji yake mwenyewe huko Mansfield, Texas, mikono kifuani, akiwatazama vijana wawili wakihangaika na maiti.

Maiti alikuwa Elimringi, Mtanzania wa kilo mia na kumi anayeendesha foklifti kwenye ghala la matairi. Walimpa nafasi hiyo kwa sababu ana uwezo wa kulala popote. Waliotakiwa kumbeba ni Aimable na Jordan, ambao ndani ya filamu walikuwa wezi waliomuua bosi wao, na sasa ilibidi wamtie kwenye buti ya gari kabla polisi hawajafika. Filamu yenyewe iliitwa Damu ya Carrollton, ingawa damu ilikuwa tomato sosi na Carrollton haikuonekana hata kidogo, maana huko hakuna aliyekubali kuwapa gereji. Marie-Goretti aliwapa ya kwake kwa sababu mwongozaji, Heritier, Mkongomani wa Uvira, anaimba naye kwaya, na si rahisi kumnyima mtu mnayesimama naye mstari mmoja kila Jumapili.

Kipande hicho kilitakiwa kuchekesha. Aimable alitumbua macho, Jordan akajifanya kuteleza, wakagongana vichwa, wakaangukiana juu ya marehemu. Walirudia mara saba. Hakuna aliyecheka isipokuwa Jordan, na yeye alikuwa anajicheka mwenyewe.

"Ile scène haitembei," Heritier alisema, akiishusha kamera na kujifuta jasho. "Sijue juu ya nini. Iko na batu wawili wajinga, iko na maiti mukubwa. Ilipaswa kuchekesha."

"Ichekeshe nini?" Marie-Goretti akauliza. "Mimi naona watu wawili wanaomba kuchekewa."

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na tisa, na dharau yake ameipata kazini. Alizaliwa ukimbizini magharibi mwa Tanzania, kwa wazazi waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili na vyungu viwili kichwani. Alifika Texas na baba yake na kaka yake, akaanza kwa kufua mashuka ya hoteli, akachoka na mashuka, akasomea kuhudumia wazee. Huu ni mwaka wa kumi na mbili anawaogesha, anawageuza na kuwavisha watu ambao watoto wao wana nyumba zenye vyumba vitano.

Siku ya kwanza alikabidhiwa kwa Jackie, mama wa hapohapo Texas mwenye magoti mabovu na mdomo mkali. Jackie alikuwa na sheria moja. Kabla hujamgusa mtu, taja jina lako, halafu sema unachotaka kufanya. Awe kiziwi, awe amepoteza fahamu, awe amekata roho sasa hivi na unamwosha kabla familia haijafika, taja jina, sema. Wiki hiyohiyo Marie-Goretti alimgeuza marehemu wake wa kwanza kimyakimya, na Jackie akamtoa nje ya chumba kama mtoto mtukutu, akamwambia agonge mlango na kuanza upya. Aligonga, akaingia, akajitambulisha kwa maiti.

Tangu hapo anawadharau watu wengi. Anawadharau wanaoinua kwa mgongo badala ya miguu, na wanaomuuliza mgonjwa hali yake huku macho yako kwenye simu. Anawadharau mabinti wanaokuja mara moja kwa mwaka na maua, wakapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi. Lakini anayewazidi wote ni kaka yake Macaire, anayeishi Alief, Houston.

Macaire ni mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi, wa kamati ya misiba, wa kamati ya kupokea wageni, na ukimpa kipaza sauti usitegemee kukiona tena. Baba yao, Mzee Godefroid, anaishi kwake tangu alipopooza upande mmoja miaka miwili iliyopita. Macaire humpeleka kwenye kila shughuli na kumweka safu ya mbele, ili watu waone mzazi anavyoheshimiwa. Pasaka, mwezi wa nne, Marie-Goretti alikwenda kumsalimu, akainua shuka, akakuta kidonda cha kulalia juu kidogo ya makalio, kipana kama kifuniko cha chupa. Yeye ameviona vidonda hivyo vikikua, na anajua vinamfikisha wapi mzee wa miaka themanini na moja. Alikisafisha huku akimwambia kila anachofanya, akarudi nyumbani, akawaomba ndugu baba ahamie Mansfield.

Macaire alikataa kwenye kikao cha simu cha ndugu kumi na mmoja.

"Baba hawezi kwenda kushikwa na mikono ya kazi," alisema. "Dada, wewe umezoea kugeuza watu kama chapati, saa ikifika una-clock out. Hapa yuko kwenye mikono ya mtoto wake wa kiume."

Hakuna aliyemtetea Marie-Goretti. Maneno hayo yalimuuma, na bado alikuwa nayo siku ile pale mlangoni mwa gereji, miezi miwili baadaye, alipoona Jordan anamvuta Elimringi kwa mkono mmoja kama gunia.

"Sogeeni," akawaambia.

Alipiga magoti kando ya maiti, akawaonyesha mkono unapita wapi, goti linakaa wapi, nani anahesabu. Akawafundisha na sheria ya Jackie. "Msitumbue macho, msiteleze," alisema. "Mmeshaua. Kilichobaki ni kazi, basi fanyeni kazi."

Heritier akawasha kamera. Aimable aliinama, akamsogelea marehemu sikioni. Alitaja jina lake halisi, maana Heritier hakuwa amehangaika kuwatungia majina mengine.

"Bosi, ni mimi, Aimable. Niko na Jordan. Tunakugeuza sasa, upande wa kulia."

Jordan alilivuta shati la bosi lililokuwa limepanda, akafunika kitovu. "Samahani, bosi. Mikono yangu ni ya baridi."

Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakamwinua kwa magoti. Walipofika kwenye buti, Aimable aliweka kiganja juu ya utosi wa maiti. "Chunga kichwa, bosi."

Kamera ilianza kutikisika kwa sababu Heritier alikuwa anacheka. Elimringi naye akacheka, ndani ya buti, na tomato sosi yake yote, ikabidi warudie, na waliporudia wakacheka tena palepale. Marie-Goretti peke yake hakucheka. Aliwatazama kana kwamba wamemvulia viatu juu ya meza.

"Mnacheka nini? Ndivyo inavyofanywa."

"Mama Goretti, utuelezee," Heritier akasema. "Juu ya nini sasa inachekesha?"

"Kwa sababu hawa wawili hawajui kama wanachekesha. Mwanzo walikuwa wanatutazama sisi. Sasa wanamtazama yeye." Angeweza kuishia hapo, lakini hasira ilikuwa imempanda. "Na kwa sababu heshima imefika saa mbovu. Walipompiga risasi, kuna aliyemwambia samahani? Amekufa, ndio wanamwonea huruma ya mikono ya baridi. Watu wa namna hiyo wako wengi. Wengine wamepewa na vipaza sauti."

Heritier hakuelewa maneno ya mwisho, lakini yale mengine aliyaandika kwenye simu.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja ya mwezi wa nane, mchana, Alief, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Marie-Goretti aliendesha gari kwa muda wa saa nne na nusu, akafika Macaire akiwa tayari anahutubia. Alizungumza dakika ishirini na tano juu ya uhalifu na malezi, ingawa filamu hakuwa ameiona. Mzee Godefroid alikuwa safu ya mbele, amevalishwa suti, kiti chake cha magurudumu kimegeuzwa upande kiasi kwamba alikuwa anatazama spika. Vikanyagio vya miguu havikuwepo, vilibaki nyumbani kwa kuwa vinajaza gari. Mguu mbovu ulikuwa unaburuzwa, kandambili imeanza kuchomoka.

Filamu ilikuwa mbaya, na hakuna sababu ya kuificha. Bunduki zililia kama bisi kwenye sufuria. Polisi alikuwa amevaa sare ya mlinzi wa duka, na jina la duka lilisomeka. Watu walikuwa wameanza kuzungumza mambo yao, watoto wameanza kukimbia, ndipo kikafika kile kipande cha gereji.

"Bosi, ni mimi, Aimable."

Ukumbi uligeukia skrini. Kwenye mikono ya baridi wanawake wa safu ya tatu wakaanza kushikana mabega. Kwenye "chunga kichwa" ukumbi mzima ukapasuka, na aliyecheka kuliko wote ni Macaire, akipiga paja na kuyarudia maneno kwa nguvu, chunga kichwa, bosi, chunga kichwa. Mzee Godefroid hakucheka. Alikuwa ameugeuza mwili wake mwenyewe, polepole, kwa ule upande unaofanya kazi, hadi akaipata skrini vizuri.

Taa zilipowashwa watu walimuuliza Heritier kipande kile alikitoa wapi, naye akamwonyesha Marie-Goretti kwa kidole. Macaire alikuwa amekwisha kukikamata kipaza sauti.

"Huyu ni dada yangu, damu yangu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Na mimi siku zote nasema, kazi ni heshima."

Siku zote. Marie-Goretti alifyonya, na hakujali nani amesikia.

Macaire alitaka picha ya pamoja. Bila kukiachia kipaza sauti, alishika mpini wa kiti cha baba yake na kukivuta nyuma kwa nguvu ili kupata nafasi. Mzee alishtuka. Mkono wake mzima ulidaka hewa, kandambili ikabaki sakafuni. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye mpini, karibu na shavu la mzee, kwa hiyo alichosema kilisikika hadi mlangoni.

"Macaire."

"Naam, Baba."

"Yule maiti aliambiwa."

"Aliambiwa nini, Baba?"

"Kila kitu. Anageuzwa, aliambiwa. Mikono ni ya baridi, aliambiwa. Gari limefika, achunge kichwa. Mimi napumua, na tangu Pasaka sijaambiwa kitu."

Mtu mmoja wa nyuma alicheka, akidhani ni sehemu ya shughuli, na wengine wakamfuata. Kicheko kilizimika kuanzia safu za mbele, kwa sababu wa mbele walikuwa wanamwona mzee usoni. Macaire alikizima kipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe.

Marie-Goretti alikuwa ameisubiri siku kama hiyo, na kwa muda mfupi aliifurahia kwa moyo wake wote, tena furaha mbaya. Kisha akaenda, akachuchumaa, akaokota kandambili.

"Baba, ni mimi, Goretti. Nakuvalisha mguu wa kushoto."

"Valisha."

"Nataka twende wote Mansfield. Leo. Unataka kwenda?"

Mzee alimtazama. "Siku ile kwenye simu mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, Baba."

"Mimi nilikuwa chumba cha pili. Mlango uko wazi. Wewe pia hukuniuliza."

Alibaki amechuchumaa, mguu wa baba yake uko mkononi. Aligeuza watu miaka kumi na miwili akiwataarifu hadi maiti, ilhali kwa baba yake mwenyewe alipigana kama mtu anayegombea kabati. Aliona aibu, na hakutafuta pa kuificha.

"Nimekosa, Baba," alisema. "Sasa nakuuliza."

"Sasa nimejibu. Nataka."

Nje, jua la Houston lilikuwa limeichemsha lami. Macaire aliwafuata hadi kwenye gari na mfuko wa dawa, koti la suti begani, akizunguka huku na huku bila kujua ashike wapi. Marie-Goretti alifungua mlango wa mbele, akafunga breki za kiti, akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya mzee.

"Shika miguu," alimwambia kaka yake. Macaire aliinama haraka. "Usimguse. Mwambie kwanza."

"Nimwambie nini?"

"Jina lako, halafu unachofanya."

Mwenyekiti aliuweka chini mfuko wa dawa, akajipangusa jasho la shingoni. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Baba," alisema, "ni mimi, Macaire."

"Najua," mzee akasema. "Endelea."