Koti la Mwalimu wa Masaki

Tangu mwalimu wa kijiji cha Masaki apate skolashipu ya kwenda kuongeza elimu Uingereza, jirani yake Bi Mwanne hakumwona tena bila koti. Lilikuwa koti zito la sufu, na Kisarawe nzima ilikuwa ikiungua kwa jua la Januari. Mwalimu alipalilia muhogo nalo, akaenda kisimani nalo, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Kila mara aliweka ndoo chini, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akajipangusa uso taratibu, kisha akakikunja tena vilevile. "Shikamoo, Bi Mwanne." "Marahaba. Mwalimu, joto litakuua kabla baridi haijakuona." Naye alijibu kwa sauti ileile ya darasani: "Muhogo mchungu hauliwi siku unayong'olewa. Na mwili nao huandaliwa."

Siku ya safari dua ilikwisha kusomwa, na lori lilikuwa likinguruma barabarani. Mama yake mwalimu, aliyeamka na homa, alikaa mkekani huku meno yakigongana. Mwalimu alimtazama, akavua koti, akamvisha, akamfunga vifungo vyote mpaka kooni. "Na wewe huko utavaa nini?" Bi Mwanne akauliza. "Mimi kwa baridi nimeshahitimu," akasema, akapanda nyuma ya lori na shati lake jepesi lililolowa jasho. Lori liling'oka, upepo ukampata. Halijafika hata msikitini, Bi Mwanne akamsikia anapiga chafya.