Lita Thelathini na Mbili, Nyumba Kumi na Moja

Tsss.

Kimya. Kisha tena, tsss, fupi kuliko ya kwanza. Giza bado limefunika uwanja mdogo nyuma ya kanisa moja mtaani Hurlingham, na anayetoa mlio huo haonekani. Upepo unasikika ukitoka kwenye tairi, mtu anasikika akihesabu kwa sauti ya chini. Halafu tochi ya simu inawaka, na uso wa Mwololo Muindi unajitokeza kando ya gurudumu la nyuma.

Ni saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Dereva huyu wa miaka hamsini na miwili amepiga magoti kwenye kokoto, kipimo cha upepo mkononi.

"Tairi inapimwa ikiwa baridi," anasema bila kuinua macho. "Ikishatembea inapata joto, inakudanganya. Na tairi legevu ni kama mtu anatembea kwa mchanga. Gari inachoka, inakunywa mafuta."

Leo ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi mmoja aliopewa. Jioni, pampu ya petroli itaamua kama wagonjwa wanne watabaki kwenye orodha yake au watafutwa.

Van hii ya kijivu yenye umri wa miaka kumi na saba ni mali ya kikundi kidogo cha kanisa kinachowahudumia majumbani watu wa saratani na maradhi mengine, wale ambao hospitali imewarudisha kwa sababu haina jingine la kuwafanyia. Mara tatu kwa wiki Mwololo na muuguzi Everlyn hutoka kuwapelekea dawa ya maumivu na bandeji safi. Ni nyumba kumi na moja. Ziko Kenyatta Market, Kawangware, Kangemi, na moja Spring Valley, katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya jumba la ghorofa mbili. Ya mwisho kabisa, Uthiru, ni ya Bi. Mukonyo, ambaye zamu yake ni Ijumaa.

Kwa miaka mingi van ilipewa lita arobaini kwa wiki. Bei ya petroli ikapanda, michango ikashuka, na mwezi uliopita msimamizi wa kikundi, Waithera, akaketi na kalamu nyekundu. Lita nane lazima zipungue. Akapiga mstari juu ya majina manne ya mbali zaidi.

Shilingi elfu moja na mia nne kwa wiki! Katika jiji hili kuna watu wanaoziacha mezani kama bakshishi na kuondoka bila kugeuka. Hapa zilitosha kumwacha mtu na maumivu yake.

Mwololo, ambaye mshahara wake ni shilingi elfu ishirini na nne kwa mwezi, hakuwa na cha kuongeza isipokuwa mguu wake wa kulia.

"Madam, usiwafute," alimwambia. "Nipe lita thelathini na mbili kwa wiki. Mwezi mzima ni mia moja ishirini na nane. Wote kumi na mmoja nitawafikia."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, kata."

"Nikikata, Mwololo, utaenda kuwaambia wewe mwenyewe. Mlango kwa mlango."

Alikubali. Wiki tatu za kwanza zimekula lita tisini na tatu na nusu. Kwa wiki hii ya nne zimebaki thelathini na nne na nusu, na kwa mwendo wake wa kawaida leo angeimaliza na akiba ya lita tatu.

Mwendo wake ni wa upole, na hakuujifunza kwa ajili ya petroli. Miaka sita iliyopita alimbeba Mzee Hezekiah, fundi viatu wa Kawangware ambaye saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Wakati huo Mwololo aliendesha kama alivyozoea alipokuwa dereva wa lori la mchanga: mafuta, breki, mafuta, breki.

"Tulipofika akanishika mkono," anakumbuka. "Akaniambia, 'Kijana, kila ukikanyaga breki unanivunja upya.' Sikulala siku hiyo. Nikasema, basi nitaendesha kama breki haipo."

Tangu hapo husoma barabara kabla haijamfikia. Taa nyekundu ikiwa mbali, mguu unatoka kwenye mafuta mapema, na gari linajikokota lenyewe ndani ya gia mpaka taa igeuke. Huondoka polepole, kama mtu anayeamka bila kumwamsha mtoto ubavuni. Gia ya juu huingia mapema, injini isipige kelele. Kwenye msongamano huacha nafasi mbele yake na kutambaa kwa gia ya pili, wakati wengine wanaruka na kusimama, wanaruka na kusimama. Ikibidi kungoja zaidi ya dakika moja, anazima. Huvaa raba za soli nyembamba ili nyayo zisikie pedali.

Mwaka ule ule aligundua kwamba geji ya mafuta ilikuwa inashuka taratibu kuliko zamani. Hakumwambia mtu, hakuna aliyeuliza.

Mwezi huu ameongeza mengine. Keria ya chuma iliyokaa juu ya paa bila kazi ameing'oa. Mitungi mibovu iliyosahaulika nyuma ameishusha. Hata mpangilio wa safari ameugeuza: dawa zinachukuliwa katikati ya jiji kabla foleni haijafunga, kisha nyumba zinafuatana kuelekea magharibi, bila kurudi nyuma.

Amekosea pia. Wiki ya kwanza, kwa hamu ya kuokoa, alitoa gia na kuweka nyutro kwenye mteremko wa Lower Kabete Road, kama walivyofanya enzi za lori. Van ilishika kasi, breki zikaanza kunuka, na mwenye mkokoteni akaokoka kwa kuruka mtaroni. Fundi Kibe, anayelitengeneza gari hilo, hakumwonea huruma.

"Mzee, hii si lori ya mchanga," alimfokea. "Ukiachilia mafuta ukiwa ndani ya gia, injini inajifungia petroli yenyewe. Ukiweka nyutro, inabidi ikunywe ndio isizime. Unahatarisha roho za watu na hakuna kitu unaokoa!"

"Sikurudia tena," anasema Mwololo. "Alikuwa na haki."

Saa moja na nusu asubuhi van imeegeshwa katikati ya jiji, mbele ya stoo ya dawa. Everlyn anarudi na kasha begani, na kabla hajaketi simu yake inaita. Ni Mbithe, binti ya Bi. Mukonyo. Anaongea kwa haraka, na sauti inasikika hata nje ya simu.

"Sista, dawa ya mama ilimwagika jana. Chupa yote. Hajalala. Sista, analia na hajawahi kulia."

Everlyn anakata simu na kumtazama dereva. Wote wawili wanajua Uthiru ni kituo cha mwisho, saa tisa alasiri. Wanajua pia kwamba kwenda sasa na kurudi Kenyatta Market, kituo cha kwanza, ni kilomita ishirini na nne za ziada.

"Baba Kamene," anasema Everlyn, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "ni zako hizo lita. Sisemi kitu."

"Si zangu," Mwololo anajibu. "Funga mkanda, sista."

Waiyaki Way ya asubuhi imejaa magari yanayoingia mjini. Upande wa kutoka una nafasi. Hajawahi kuendesha haraka hivi mwezi huu, lakini kichwa cha Everlyn hakiyumbi. Mwololo anaona basi likiwasha indiketa mita mia mbili mbele na kubadilisha njia bila kupunguza mwendo. Nyuma yake jamaa mwenye gari jeupe anapiga honi, anampita kwa fujo na kuchungulia dirishani.

"Weka moto, mzee! Unapeleka mayai?"

Kwenye taa zinazofuata wanamkuta amesimama. Taa inageuka kijani, na van inampita ikiwa bado inatembea.

"Mwambie ni mayai," anasema Everlyn, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii wanacheka.

Bi. Mukonyo ana miaka sabini na minne. Amelala kwa ubavu akiwa ameuma pembe ya leso, macho yake makavu sasa, kama mtu aliyemaliza machozi. Everlyn anapima dawa kwenye kijiko na kumnywesha. Mwololo hukaa mlangoni siku zote, asiingie bila kuitwa. Inapita karibu nusu saa. Vidole vya mwanamke huyo vinaachia leso, kimoja baada ya kingine.

"Mwololo," anaita.

"Naam, mwaitu." Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, na yeye anatoka Mwala, kilima cha pili kutoka kwao Bi. Mukonyo.

"Ulikuwa ukiniaga, 'Tutaonana Ijumaa.' Mwezi huu hujasema hata mara moja. Nimekukosea?"

Mwololo anatazama raba zake. Mama huyu hajui habari za kalamu nyekundu. Hakuna aliyemwambia.

"Hujanikosea, mwaitu. Ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi," anarudia Bi. Mukonyo, kwa sauti ya mtu aliyelea watoto saba na kusikia uongo wa kila namna. Kisha anafumba macho.

Wanarudi Kenyatta Market kwa Debra, msusi aliyelazwa kwenye kitanda nyuma ya saluni yake, na kuanza upya kuelekea magharibi. Kila tone Mwololo analihesabu kwa unyayo.

Spring Valley, nje ya geti la jirani wa mgonjwa wao, magari matatu makubwa yanaunguruma mahali pamoja. Madereva wamelala ndani, vioo juu, kipoza hewa kikivuma. Everlyn anakaa ndani kwa mgonjwa dakika arobaini. Anapotoka, magari yale bado yanaunguruma.

"Ule moshi ungetufikisha nyumba mbili za Kangemi," anasema Mwololo, akizungusha ufunguo.

Saa kumi na moja jioni anaingia kwenye kituo cha petroli ambako tangi limejazwa kila Ijumaa mwezi mzima, na mhudumu yule yule, mpaka pampu ijikate yenyewe.

"Mzee wa kuhesabu matone amefika!" anatania mhudumu huyo, Kinyanjui. "Leo tunacheka ama tunalia?"

"Jaza tu, Kinyanjui."

Namba zinapanda; mpaka wake ni thelathini na nne na nusu. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini. Everlyn amegeukia upande wa barabara, hataki kuona. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Kinyanjui naye ameacha utani. Thelathini na nne.

Pampu inajikata. Lita thelathini na nne na nukta moja.

Mwololo anaomba risiti, anaisoma mara mbili, kisha anaegemea mlango wa van. Imebaki chini ya nusu lita. Akiba ya wiki tatu, iliyookotwa taa kwa taa na mteremko kwa mteremko, imeliwa karibu yote na safari moja ya asubuhi.

"Ilikuwa inaningoja siku kama ya leo," anasema. "Mafuta ukiyaweka bila kuyatumia kwa mtu, umeweka nini?"

Anampigia Waithera, anamweleza safari ya asubuhi ya Uthiru na kumsomea risiti.

"Na ile safari ya asubuhi iko ndani?" anauliza msimamizi.

"Iko ndani, madam."

"Basi Jumatatu uje uchukue orodha. Ni ile ya zamani, sijakata mtu. Na parokia ina madereva wengine wawili, uwafundishe mwendo wako, tafadhali."

Hilo amekuwa akilitaka kwa muda mrefu. Anasema ataanza nao bila kuwasha injini: atawalaza nyuma ya van, mmoja mmoja, na kuwaendesha, ili wajue breki inaumiza wapi.

Lakini kwanza anapiga simu nyingine. Mbithe anapokea na kusema mama amekunywa uji, nusu kikombe. Kisha simu inapelekwa kitandani, na pumzi nzito inasikika.

"Mwaitu, ni mimi. Ile salamu ulinidai nimekuletea. Tutaonana Ijumaa."

Pumzi inasita.

"Na ukinikuta nimelala?"

Mwololo anavua kofia yake, ingawa hakuna anayemwona isipokuwa Everlyn na Kinyanjui.

"Nitakaa hapo mlangoni mpaka uamke, mwaitu. Ijumaa nakuja. Nimesema."