Kilulu Ndani ya Ambre

Mimi siamini kitu mpaka nikinuse. Kazi ilinifundisha hivyo. Katika soko la Manika nilikuwa na meza ya kutengeneza briké za kuwashia sigara, na kwa kuwa ujanani nilikuwa boi wa Mzungu mmoja wa migodi aliyekusanya viko na vijisanduku vya ugoro, watu waliniletea kila kitu cha wavutaji niwaambie kimetengenezwa kwa nini. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana. Mfupa una vitone vidogo vyeusi. Seluloidi ukiisugua kwa kidole gumba hunuka kafuri, na bakeliti hunuka dawa ya hospitali. Wengi walioniapia kwamba ni ndovu walikuwa wameshika mfupa wa ng'ombe, na sitaficha, nilifurahi kuwaharibia siku.

Kisha ukaja wakati wa kufukuzana, shuku yangu ikapata chakula. Kazi za mgodi zilikuwa zimelala, mishahara haionekani, na mtu wa kulaumiwa alikuwa amepatikana: jirani mwenye asili ya Kasai, mkoa wa kaskazini. Hata kama alizaliwa hapa hapa Kolwezi, haikumsaidia. Walimwita kilulu, yaani mdudu, na wote kwa pamoja bilulu. Nilimsikia mtu mlangoni mwa kanisa akisema kikulacho ki nguoni mwako, na waliosimama naye wakatikisa vichwa kukubali. Familia zao zilitolewa nyumbani, zikajazana stesheni kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, isiyokuja. Vitu vyao vikaanza kufika sokoni: cherehani, vitanda, hata milango. Kila kilichowekwa mezani pangu nilikishuku mara mbili, kama ni cha kweli na kama kimeibwa.

Siku moja mchana akaja jirani yangu mwenyewe, karani mstaafu wa mgodi. Kwa miaka mingi tulitenganishwa na ua tu, na ngazi yake nilikuwa naiazima bila kuomba. Yeye na mkewe walikuwa na wiki tatu stesheni, wakilala juu ya saruji, na miguu ya mama yule ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Alifuatana na mfanyabiashara mwenye lori la kwenda kaskazini. Bwana huyo hakutaka noti, maana noti siku zile zilikuwa karatasi tu. Alitaka kitu.

Jirani alitoa ndani ya soksi kijiti cha kuchomekea sigara, kirefu kama kidole cha kati, rangi ya asali, na pete ya fedha mwishoni. Akaniita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata, angalia muzuri. Iko ambre. Baba yangu alipewa na muzungu wake, wakati alirudia kwabo."

"Fundi akisema iko ya kweli, unapanda na bibi yako sasa hivi," alisema mwenye lori. "Akisema hapana, mi naenda."

Ambre, yaani kaharabu, ni utomvu wa miti ya kale mno, uliogeuka jiwe la thamani. Nilikiinua kwenye jua. Ndani, katikati kabisa, palikuwa na mdudu mzima, mabawa ameyakunjua. Mzungu wangu alinionya zamani: mdudu mzuri hivyo, aliyekaa kama anapigwa picha, ametiwa na fundi. Halafu nikajiuliza, mfanyakazi wa mgodi kama baba yake anapewaje ambre? Ama baba yake aliiba, ama alidanganywa. Nilikwisha kuamua kabla ya kupima.

Kipimo nilikijua. Unatoa pete, unatia kitu katika maji yenye chumvi nyingi. Ambre huelea, na vile vya kuigiza vingi huzama. Mama wa chumvi alikuwa meza ya pili kutoka kwangu. Lakini vijana wenye fimbo, wale waliokuwa wakifukuza watu, walikuwa wamesimama kuangalia ni nani anamsaidia nani, nami nikaogopa. Sikuagiza chumvi.

"Kilulu hii ni bubela," nilisema, kwa sauti ya kusikika.

Bubela ni uongo. Nilimaanisha mdudu wa mle ndani. Nadhani. Nimejichunguza miaka yote hii kama nilivyochunguza mifupa ya watu, na bado sijiamini.

Vijana wakapasuka kwa kicheko. "Bilulu bote ni bubela!"

Jirani hakuwatazama. Alinitazama mimi. "Njo mi unaita kilulu, tata?"

Neno moja lingetosha. Nikainama kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Mwenye lori alikuwa ameshageuka kwenda zake.

"Bakia nayo, basi," alisema jirani, akakiacha kijiti mezani. "Kintu ya bubela mi nitapeleka wapi?"

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitumaini ataniunga mkono.

"Ulipima na nini?"

"Na macho."

"Macho ya nani?"

Akaleta bakuli la maji, akamimina chumvi yote tuliyokuwa nayo. Nikaitoa pete, nikakitia kijiti. Kikaelea. Nikakizamisha kwa kidole, kikapanda tena. Mke wangu alitoka akaketi nje.

Asubuhi nilikwenda stesheni nacho mfukoni. Jirani alikuwa ameenda kuteka maji. Mkewe alikuwa amelala juu ya mkeka, kwenye kivuli cha behewa bovu. Nilikuja kumrudishia. Naapa nilikuja kwa hilo. Lakini kumrudishia kulikuwa kumwambia kwamba lori lilikuwa lao, na kwamba lingine halikuwapo. Akanitangulia kusema.

"Tata, bananiambia kile kintu ilikuwa bubela."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekishika.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Bubela."

Alijaribu kuinuka aniamkie kwa heshima, miguu ikakataa. Akabaki ameegemea kiwiko, macho ameyainamisha chini kwa aibu.

"Utusamehe, tata. Bwana yangu hakujua. Hakutaka kukudanganya."

"Haina neno, mama," nilimjibu, na nikamsamehe.