Shangazi Katika Nchi ya Mazimwi

Shangazi yangu aliteleza shambani kwake kijijini Adumi akiwa na mzigo wa muhogo kichwani, akavunjika mguu. Hospitali ya Kuluva walimfunga plasta, nami nikamleta nyumbani kwangu mjini Arua apone. Ilikuwa likizo. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mama mzima mwenye watoto wakubwa, na likizo zangu huishia mbele ya televisheni nikicheza gemu. Sebule ni moja tu, kwa hiyo Shangazi, mguu juu ya stuli, hakuwa na pa kukimbilia.

Gemu niliyoipenda wakati huo ilikuwa na nchi ya kijivu isiyo na jua. Vijiji vimeteketea, miti imekauka, na nyuma ya kila jiwe kuna zimwi. Unatembea peke yako na upanga, moyo ukidunda. Shangazi alitazama asubuhi nzima bila kusema neno, nikadhani ameogopa. Jirani yangu alipoingia na birika la kahawa ya tangawizi, ndipo Shangazi akafungua mdomo. Aliongea Kiswahili, maana jirani ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Sudan Kusini na Kilugbara, lugha yetu, hakimwelei.

“Hii mutu yako anakula nini?”

“Anakunywa dawa ya chupa, Shangazi. Inamrudishia nguvu.”

“Dawa si chakula. Shamba iko wapi?”

“Hakuna shamba. Nchi imelaaniwa.”

“Na hii mazimwi yote, inakula nini?”

“Inakula watu.”

“Watu gani? Tangu asubuhi mimi naona mutu mbili tu, na moja ulimuua wewe.”

Jirani alicheka hadi kahawa ikamwagika. Nikamgeukia nikitafuta msaada. Yeye aliwahi kupita kwa miguu katika nchi iliyoungua kweli. Nilitumaini atasema ndiyo, huzuni huwa hivi. Aliisogelea ile televisheni.

“Nyumba kuungua, ni hivyo,” akasema. “Hata miti ni hivyo. Lakini hii watu inanyamaza sana. Sisi tulipokimbia, kelele! Iko mama mmoja aligombana na jirani yake njia yote juu ya kuku. Na kuku yenyewe tulishakula.”

Aliangalia kikombe chake. Kisha akaanza kucheka tena, na Shangazi akamfuata.

Nilikasirika. Niliwaambia hii ni hadithi ya kubuni, wala haina haja ya kuku. Shangazi akanitazama kwa huruma, kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi anayeuweka mji wa Koboko, wa huku kwetu bara, pwani.

“Hadithi zetu fisi anaoa binti ya watu,” akasema. “Hiyo mimi nakubali. Lakini lazima atoe mahari.”

Plasta ilipotolewa, tulialikwa Koboko kwenye utambulisho wa binti wa ukoo wetu, sherehe ya mchumba kujitambulisha kwa wakwe. Jirani alikuwa na bidhaa za kufuata huko, tukakodi gari dogo pamoja. Tulikuwa tumeshakwenda mbali tulipokuta malori, magari na boda vimesimama msururu. Dereva aliteremsha kioo kuuliza, akakipandisha haraka.

“Simba,” alisema. “Amelala kwenye daraja.”

Hakuna aliyeuliza simba atokee wapi. Jirani alianza kusali. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Na mimi, niliyekwisha kuua mazimwi yasiyo na idadi, nilijikuta nimeteleza chini hadi magoti yakagusa kiti cha mbele.

Kitu kikagonga kioo. Tukapiga yowe, wote wanne, dereva akitushinda kwa sauti.

Alikuwa mwanamke anayeuza chapati.

Nyuma yake mwenzake alikuwa ameshawasha sigiri ya makaa kando ya barabara. Karanga zilipita, maji yakapita, mhubiri akapanda juu ya lori la mbao na kututaka tutubu kabla hatujaliwa. Wanaume wa boda walibishana kwa hasira kama simba huyo ni dume au jike, na hakuna hata mmoja wao aliyemwona.

“Unaona?” Shangazi alisema, akipokea chapati yake. “Simba iko pale, chapati iko hapa. Kwa gemu yako, hii mama iko wapi?”

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Lakini nilikuwa nimeketi sawasawa, na hofu yangu ilikuwa imepungua bila mimi kujua.

Kisha mwenye simba akaja akikimbia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alikuwa mchuuzi wa ng’ombe. Fahali wake mwekundu alikuwa ameruka kutoka kwenye lori, akachoka, akalala kwenye daraja akicheua. Mwendesha boda aliyetangulia aliuona mgongo wake kwa mbali, akatangaza simba, wala hakutaka kuona zaidi. Mwenye fahali alimbembeleza, akamtukana, akamvuta mkia. Mhubiri alimkemea kwa jina la Yesu. Fahali alicheua. Mwishowe mvua ikaanza, akainuka mwenyewe kwa wakati wake, akaenda kujikinga chini ya mti, nasi tukapita tukimpungia mkono.

Koboko tulikuta hotuba zimekwisha na masufuria yanasuguliwa. Wenyeji walitupokea kwa nyuso za lawama. Shangazi akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kueleza kilichotuchelewesha. Alipofika darajani, fahali akageuka simba tena, dume, mwenye manyoya hadi magotini, na aliyeshuka garini kumkabili nilikuwa mimi.

“Shangazi,” nikasema, “kusema kweli…”

Jirani alinikanyaga mguu. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshakwenda jikoni, na aliporudi alikuwa na bakuli la nyama lililokuwa limefichwa kwa ajili ya wazee. Aliliweka mbele yangu, akapiga magoti, akanipa pole.

Nilikula.