Stelingi wa Mfuko wa Mbolea

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea; niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole.

Harufu ya mfuko wa mbolea uliolowa mvua hunirudisha Kawetele, pembeni mwa Tukuyu, mwaka ule video ilipofika kwetu mara ya kwanza. Banda lilikuwa la mabanzi, jenereta ikinguruma nyuma, na watoto tulikaa chini, magoti yakinuka tope. Tukitoka, tuliigiza migombani yote tuliyoyaona. Jirani yetu Ambokile ndiye alikuwa stelingi, yaani shujaa wa mchezo, siku zote, kwa sababu yeye ni maji ya kunde. Mimi ni mweusi sana. Waliniita Masizi, na kazi yangu ilikuwa kufa mapema. Kwenye video watu weusi ndivyo walivyofanya, kwa hiyo hakuna aliyeona ni uonevu, hata mimi.

Siku moja ikaja video ya stelingi aliyeruka juu ya maghorofa, amefunikwa kichwa hadi vidole. Kabla hajajifunua, jenereta ikaishiwa petroli. Njiani nikasema kwa sauti ndogo, "Lakini uso wake hatujauona."

"Kwa hiyo?" akauliza Ambokile.

"Anaweza kuwa mweusi kama mimi."

"Masizi aruke? Utaangukia kwenye chai ya watu!"

Wakacheka, lakini uso ule hakuna aliyeuona, hivyo kesho yake wakaniacha nijaribu. Usilolijua ni usiku wa giza, na usiku huo ulinifaa. Nikavikwa mfuko wa mbolea wenye matundu mawili, na jani kavu la mgomba mgongoni. Mimi niliyeogopa hata kunyoosha kidole darasani, ndani ya mfuko nilinguruma. Masika yote niliwaokoa watoto wa Kawetele.

Kisha video ile ikarudi. Nilijua stelingi akiwa mweupe, mfuko utaenda kwa Ambokile. Stelingi akajifunua. Nywele za njano zikamwagika mabegani. Nikainamisha kichwa. Ndipo Atupele, mdogo wake Ambokile, akasimama mbele ya wakubwa na kupiga kelele, "Mwongo! Huyo siye! Stelingi ni Masizi wetu!"

Banda zima likaangua kicheko. Ambokile akanisukuma bega. "Kesho uje na mfuko," akasema, "la sivyo mtoto huyu hatatuacha."

Siku hizi Tukuyu video ziko karibu kila mtaa, na juzi nimemwona stelingi mweusi akiruka, watoto wakimshangilia. Nilifurahi nao, ila sikushangaa. Huyo nilimfahamu tangu migombani. Nawe msomaji, kwenu nani alivaa mfuko, na nani alikufa kwanza? Niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu.