Waceke na Mtoto Asiyeshiba

Kitendawili, wajukuu! Nina mtoto: nikimlisha hashibi, nikimnyima ananila mimi. Ni nani? Shikeni hilo kwanza, twende mtaa wa Kapsoya.

Saa moja asubuhi, baridi ya Eldoret bado inauma vidole. Waceke Muigai, miaka 46, ambaye wengi humwita Mama Shiko, anafunua sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mafundi wa mjengo watakuja kula saa nne. Hata yeye nimemtegea kitendawili hicho, nikiwa nimeketi kando ya jiko lake. Anaendelea kukoroga.

Akiuza vizuri anapata shilingi 1,900 kwa siku. Mahindi, maharagwe na makaa humeza 1,450. Chama cha akina mama wanaochangiana na kupokea kwa zamu, 200; mkopo wa simu, 200. Hamsini inayobaki ndiyo ya nyumba, na kodi ni 3,500 kwa mwezi.

Mwezi uliopita alichoka kubahatisha. Alinunua daftari, akaandika kila shilingi kwa siku thelathini, hata ya chumvi. Akaacha sukari. Akaacha kusuka nywele. Kisha akalipeleka daftari kwa Ruwayda, mwenye duka anayemuuzia maharagwe.

Ruwayda alisoma kurasa zote, akavua miwani.

"Mama Shiko, pesa ya chama unatoa wapi?"

"Siku nyingi nakopa kwa simu."

"Na mkopo unalipa na nini?"

"Na ya githeri. Ikipungua, nakopa tena."

"Wallahi! Unakopa ndio uweke akiba?"

Waceke alicheka, kisha akalia. Angefanyaje? Zamu yake ya kupokea ilishapita. Zile 20,000 alizopokea ziliishia hospitalini kwa mamake. Na katika chama chao, anayeshindwa kulipa hubebewa kitu cha nyumba. Mwenzao mmoja alibebewa godoro mchana, watoto wakitazama.

"Mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa godoro lile," Waceke ananiambia sasa, mwiko mkononi. "Sasa watabeba sufuria hii. Bila hii nitapika na nini?"

Mlangoni anatokea Nanyama, mweka hazina wa chama.

"Mama Shiko! Harufu tamu, lakini hatuli harufu. Ya leo?"

Simu iko mezani. Kubonyeza mara nne tu, pesa ya mkopo itaingia. Waceke anaitazama sana, halafu anaigeuza kifudifudi.

"Yule mtoto wa kitendawili chako, Mama, ni mkopo," ananiambia bila kugeuka.

Kisha kwa Nanyama: "Leo sina, na sikopi tena. Nitaleta mia kila siku mpaka deni langu la chama liishe. Kama ni sufuria mnataka kubeba, ngojeni mafundi wamalize kula kwanza."