Chati Iliyogeuzwa Kichwa Chini

Fikirte alipotundika chati ya herufi katika chumba cha shangazi yake, sisi majirani wa ua ule wa mjini Dessie tulicheka. Kamaliza chuo, kazi ya shule hakupata, sasa anakusanya watoto walioshindikana! Alianza na watatu: Yonas, aliyesikia kwa sikio moja; Nardos, asiyejua kukaa kitako; na Bezawit, Beza kwetu, wa miaka tisa, aliyerudia darasa la kwanza mara mbili. Huyo shule ilishasema: asipojua kusoma kufikia Pasaka, abaki nyumbani.

Mdomo mkubwa ulikuwa wangu. "Binti yangu, wenye vyeti vyao wameshindwa," nilimwambia huku nikimimina kikaangoni uji wa injera, mkate wetu mwembamba. "Wewe una nini?"

"Nina muda, Mama Tenagne."

Kwaresima ikiwa katikati, mama yake Beza akatuita kwenye kahawa, na Fikirte akaja na chati yake. Tulipofika kikombe cha pili, Beza akashika fimbo, akapita chati nzima mstari kwa mstari, ha, hu, hi, asikosee hata moja. Tukapiga vigelegele, mimi nikiwa wa kwanza. Beza kwa furaha akaanza upya. Nardos naye, katika utundu wake, akaichomoa chati na kuitundika kichwa chini. Beza hakugundua. Fimbo ikaendelea kutembea na sauti ikaendelea vilevile.

Hakuna aliyegusa kikombe tena.

"Kumbe anaimba!" mama yake akasema. "Siku zote hizi anaimba tu!"

Sote tulifundishwa hivyo, kwa kuimba na fimbo. Nilidhani Fikirte ataondoka na aibu yake. Akasimama.

"Kosa ni langu, si lake. Nilimsikiliza, sikumtazama. Nipeni hadi Pasaka."

Akachukua mkasi akaikata chati yote vipande, herufi moja moja. Nardos akawa anatumwa mbio hadi langoni kuleta herufi aliyotajiwa. Yonas akaketi akitazama midomo ya Fikirte. Beza akachora herufi kwa kidole kwenye unga wangu wa tefu, ule wa injera, nami kila siku nikamgombeza, na kila siku nikamletea mwingine.

Wiki moja kabla ya Pasaka tukaenda shuleni. Mwalimu mkuu akaelekeza fimbo kwenye chati ya shule. "Haya, anzia ha."

Beza akageuza macho asiitazame chati. Mama yake akamfinya. Fikirte hakumsaidia.

"Huo wimbo naujua, mwalimu," Beza akasema. "Niulize kitu kingine."

Mwalimu mkuu akamtazama, kisha akafungua kitabu mahali popote. Beza akaweka kidole. Alichukua muda mrefu, jasho likimtoka puani.

"Mkate," akasema.

Safari hii sikukimbilia vigelegele. Nilisogea kwanza nikatazama kidole chake kimewekwa wapi, ndipo nikapiga.